Nyasi Amechoka

Nianze na kosa langu, maana wenzangu wote waliyakana ya kwao. Kosa langu lilikuwa la ngeli.

Mimi ni mtunza uwanja. Kwa miaka kumi na tisa nimekata nyasi, nimezimwagilia, nimechora mistari ya chokaa, na nimefukuza watu wanaodhani uwanja wa mpira ni njia ya mkato. Marehemu mke wangu alikuwa muuguzi. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani na madaftari matatu ya wodini, mapya kabisa, akaniwekea mezani. "Wewe huna kumbukumbu," akaniambia. "Huyo mgonjwa wako mwandikie kama sisi tunavyowaandikia wetu." Kila ukurasa ulikuwa na safu zilizopigwa chapa: Jina la mgonjwa. Hali. Alichopewa. Kiasi. Saa. Ungekuwa wewe, kwenye jina la mgonjwa ungeandika nini? Mimi niliandika Nyasi. Na ukishaandika jina la mgonjwa, huwezi tena kwenda safu ya pili ukaandika "zimechoka", kana kwamba unasema habari za sufuria. Niliandika "amechoka". Mke wangu akafariki, daftari la kwanza likajaa, la pili likajaa, nikaanza la tatu, na bado nikawa naandika hivyo hivyo.

La pili ni mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, winga wa kushoto wa timu yetu, mwembamba, mwenye mbio za kukata pumzi. Mashabiki wanamwita Nyasi kwa sababu ukimgusa bega tu, utamkuta amelala juu ya nyasi. Jina lenyewe lilinitia aibu, lakini jina la utani ukilikataa ndiyo unaligongelea msumari. Msimu huu Nyasi alikuwa amefunga mabao kumi na moja, na timu moja kubwa ilikuwa imetuma habari kwamba mtu wao atakuja kumwona katika mechi ya mwisho, Jumamosi. Dada yangu hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Sasa nije kwenye dumu.

Uwanja wetu ulikuwa unakufa, na kilichouua nakijua kwa majina. Juu yake wamefanyia mikutano, gwaride, harusi mbili za watoto wa wajumbe, na kila mechi Mwenyekiti wa klabu huegesha gari lake nyuma ya goli ili asitembee. Udongo umeshindiliwa ukawa sakafu. Maji yanatuama juu, yanaangaliana na jua, yanaondoka bila kushuka hata kidogo. Dawa ya hali hiyo haina siri: unauchoma udongo kwa uma, unatoboa matundu mengi ili upumue, unatia mchanga, unaupumzisha. Niliiandikia kamati mara tatu. Mara ya tatu nilijibiwa. Mwenyekiti alibandika barua kwenye mlango wa stoo yangu: "Ni marufuku kutoboa uwanja. Uwanja wenye matundu unaitia klabu aibu. Atakayeonekana akitoboa atahesabika amejifukuzisha kazi." Sababu ni kwamba mwaka uliotangulia nilitoboa kidogo mbele ya goli, na mgeni mmoja rasmi akamuuliza Mwenyekiti kama tuna panya.

Badala ya matundu, Mwenyekiti alituletea shemeji yake. Shemeji alikuja kwenye kikao cha kamati na dumu la maji meusi kama lami, yenye harufu ya ufukwe wakati maji yamekupwa. Alisema hiyo si mbolea wala si dawa ya wadudu. Imetengenezwa kwa mwani, na tindikali za udongo mweusi, na amino asidi, na kazi yake ni kuuamsha mmea ujitetee wenyewe dhidi ya jua, kiu na viatu. Mimi nilisoma karatasi yake yote, na kwa haki ya Mungu niseme: kitu chenyewe ni kizuri. Lakini ni kama chai kwa mtu aliyekwisha kula. Asiyekula, ukimpa chai tupu, atatetemeka tu. Hata shemeji mwenyewe alisema mwishoni, kwa sauti ya chini, "Ila udongo uwe unapumua." Wakati huo Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

Kisha Katibu akauliza kitu hicho tukiiteje kwa Kiswahili, na hapo ndipo kikao kilipopata uhai. Mambo ya udongo tuliyamaliza kwa dakika nne, jina lilitula saa nzima. Mmoja alisema "kiamshi", akaambiwa hilo ni jina la saa ya mezani. Mwingine akasema "kichocheo", na mjumbe mmoja aliyeoa mke wa pili mwezi uliopita akacheka mpaka akatoka nje. Tukakubaliana "kichangamshi". Katibu, mtu anayependa mwandiko wake, akabandika tangazo ubaoni: "Kamati imepitisha vichangamshi vianze kutumika mara moja, ili kuinua kiwango kabla ya mechi ya mwisho. Mtekelezaji: mtunza uwanja." Ubao wenyewe uko kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, wanapopita wageni.

Nilitekeleza. Nilipima kwa bomba la sindano, nikachanganya na maji, nikabeba pampu mgongoni, nikapulizia uwanja mzima. Shemeji alinishauri nifunike vipande viwili nisivipulizie, ili baadaye tulinganishe. Kila nilipopulizia nikavifunika kwa milango mibovu ya choo, mmoja katikati ya uwanja, mmoja pembeni, kisha nikaiondoa vipate jua.

Na nilifanya jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kule winga ya kushoto, kuanzia mstari wa kati mpaka kibendera cha kona, kuna ukuta unaokinga macho ya ofisini. Kila alfajiri nilikwenda pale na uma wenye meno manne, nikatoboa, nikafagilia mchanga ndani ya matundu yasionekane. Nilitoboa hata pale nilipokuwa nafunika kwa mlango wa choo, ili ulinganisho uwe wa haki. Mwili wangu si wa kazi hiyo tena, lakini kuona kitu kinakosa hewa na uma ninao stoo, roho ilikataa. Nikayaandika yote kwenye daftari kama mke wangu alivyonifundisha.

Tangazo la Katibu nalo lilikaa ubaoni zaidi ya mwezi. Timu iliyokuja kucheza ililipiga picha, picha ikafika kwenye ligi, na Jumatano akaja Afisa wa kuzuia dawa michezoni.

Afisa huyu alifundisha Kiswahili miaka ishirini kabla ligi haijamwajiri, na mpaka leo watu wote wanamwita Mwalimu. Alikagua vyumba, hakukuta kitu. Kisha akaingia stoo yangu, iliyopakana na chumba cha wachezaji. Akatoka na dumu, bomba la sindano na daftari. Alisimama palepale mlangoni akasoma ukurasa baada ya ukurasa, na nikaona uso wake unafurahi kidogo kidogo, kama wa mwalimu aliyekamata karatasi mbili zenye majibu yanayofanana. Mpwa wangu alisimamishwa kabla ya saa sita mchana. Alipewa kikopo cha kutilia mkojo, lakini majibu ya maabara huchukua wiki tatu, na Jumamosi haina subira hiyo. Kesi ikapangwa Ijumaa. Akikutwa na hatia, ni miaka minne nje ya mpira.

Dada yangu alinifuata nyumbani jioni ile. Hakuketi. Alisimama na mkoba wake kifuani.

"Kaka," akasema, "umempa mwanangu nini?"

Nikamweleza habari za nyasi, na dumu, na udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Umempa nini?" Tulinyonya ziwa moja, na swali lile liliniuma kuliko yote niliyoulizwa baadaye na watu wenye mihuri.

Alhamisi alikuja Mwenyekiti. Yeye aliketi, tena kwenye kiti changu.

"Kesho utasema ulichanganyikiwa," akaniambia. "Tangu mkeo afariki hukuwa sawa. Watu watakuelewa."

"Na kijana?"

"Kijana ni mdogo, ana maisha marefu. Ila hilo neno la kutoboa usilitaje. Ligi tumeiandikia kwamba uwanja tumeufumua wote na kuutengeneza upya. Ukianza kueleza umetoboa wapi na kwa nini, utatuvua nguo. Na barua yangu unaijua. Mimi ni mtu wa msimamo."

"Msimamo unao," nikasema. Akanishukuru.

Ijumaa saa tatu asubuhi tukakaa katika ofisi ya klabu: Mwalimu katikati, wajumbe wawili wa ligi kushoto na kulia kwake, ambao kazi yao ilikuwa kukohoa, Mwenyekiti, Katibu, mpwa wangu, na mama yake nyuma karibu na mlango. Mwalimu alifungua daftari, akavaa miwani.

"Nasoma," akasema. "'Jina la mgonjwa: Nyasi. Hali: amechoka, winga kushoto. Alichopewa: nimemtoboa kwanza, kisha kichangamshi. Kiasi: mililita hamsini. Saa: kumi na mbili asubuhi. Asionwe na kamati.' Mzee, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"'Nyasi. Hali: ameamka. Akikanyagwa anasimama upesi. Nimemtoboa tena.' Kijana, wewe unacheza nafasi gani?"

"Winga ya kushoto," akasema mpwa wangu, kwa sauti ambayo haikufika mezani.

"Na ukikanyagwa unasimama upesi?"

"Inategemea refa yuko wapi."

Mjumbe wa kulia akakohoa.

"Mwalimu," nikasema, "hizo ni nyasi. Nyasi za uwanjani. Zile za kijani."

"Ningekubali," akasema, akavua miwani. Niliona kwamba wakati wake umefika, wakati aliousubiri tangu aache chaki. "Ningekubali kabisa, kama ungeandika zimechoka. Nimezitoboa. Zisionwe. Nyasi ziko ngeli ya I na ZI, Mzee, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Wahenga wenyewe walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Ziumiazo. Hawakusema aumiaye Nyasi. Wewe ukurasa wa kwanza mpaka wa themanini umeandika A na WA. Mtu hakosei ngeli mara mia nne. Aliyeandikwa humu ni mtu."

Nikamweleza madaftari yalikotoka, nikamweleza mke wangu. Akanipa pole, tena pole ya kweli, kisha akafungua ukurasa mwingine.

"'Nyasi. Hali: amekojolewa na mbwa wa mlinzi. Nimemwosha.'" Akamgeukia mpwa wangu. "Jambo hili lilitokea?"

"Hapana, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Ningekumbuka."

Mwalimu akasita kidogo hapo. Lakini akachukua karatasi ya dumu. Amino asidi, akasoma. Homoni asilia. Huongeza stamina. Huimarisha mizizi. Akauliza kama kuna mtu chumbani anaweza kumweleza maneno hayo ni ya majani. Mwenyekiti akatazama viatu vyake, na Katibu akatazama viatu vya Mwenyekiti.

"Twendeni uwanjani," nikasema. "Kuna vipande nilivifunika havikupata dawa, na asubuhi hii nimevirudishia milango iwe alama. Mtaona tofauti kwa macho yenu."

Sikuwa nimewaza kwamba ukianzia lango kuu, mlango wa katikati ndio unaufikia kwanza. Mwalimu akauinua mwenyewe. Akaangalia kipande kilichofunikwa, akaangalia kilichopuliziwa, akaangalia tena. Vyote viwili vilikuwa na rangi ya mkeka wa zamani. Nilijua tangu zamani kwamba pale katikati dumu zima lisingefanya kitu, maana udongo ule hauna mahali pa kupitishia hata pumzi. Nilijua, na bado nilipoona nikataka kujifunika mlango.

"Sioni tofauti," akasema Mwalimu.

"Hapa hakuna."

"Basi tufikiri pamoja, Mzee. Dumu limeisha. Nyasi hizi hazikuchangamka hata kidogo. Lakini kuna mwingine wa jina hilo hilo, amefunga mabao kumi na moja. Dawa imeingia wapi?"

Sijawahi kusikia hoja mbovu iliyosimama vizuri namna ile. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kweli vijana wa siku hizi. Mpwa wangu akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa jezi. Kule nyuma dada yangu alikuwa ananitazama mimi tu.

Saa nne kamili nikaenda stoo nikachukua uma.

Mwenyekiti aliuona mkononi mwangu akaniita mara mbili kwa jina la cheo, kama mtu anayemwita mbwa aliyekwisha kuanza kuvuka barabara. Nilipita. Nikawapeleka mpaka winga ya kushoto, nyuma ya ukuta ule, nikainua mlango wa pili. Hapo hapakuhitaji miwani. Kipande kilichokuwa kimefunikwa kilikuwa hai, lakini chepesi. Kilichopuliziwa kilikuwa kimeshonana, kijani cha kiza, kinarudi juu ukikibonyeza. Nikachoma uma nikang'oa bonge, nikalipindua viganjani mwa Mwalimu. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu kama kidole cha kati, imeshuka ikifuata matundu ya mchanga moja baada ya jingine.

"Huyu ndiye niliyemtoboa," nikasema. "Kila alfajiri, kwa uma huu. Alipopata hewa nikampa kichangamshi, akakipokea. Kule kwingine sikutoboa, na dawa ilikwenda bure. Wala Nyasi mwingine sikumpa kitu, hata maji ya kunywa huwa anajinunulia."

Mwalimu akapiga magoti na suruali yake ya suti. Akaingiza kidole kwenye tundu, kikazama mpaka pete. Akakitoa, akautazama mchanga.

"Na 'asionwe na kamati'?"

Barua nilikuwa nayo mfukoni tangu Alhamisi, nimeibandua mlangoni. Nikampa. Aliisoma yote, akamtazama Mwenyekiti, akarudi kwenye karatasi.

"'Amejifukuzisha,'" akasema. "Hapa sarufi haina kosa." Kisha akaikunja. "Mzee, ulikuwa na barua hii mfukoni tangu tulipoanza?"

"Ndiyo."

"Na kuhusu kutoboa ulinyamaza."

"Kukiri kutoboa ni kupoteza kazi yangu, Mwalimu. Nilikuwa natafuta njia ya kututoa wote wawili, kijana na mimi."

Hukumu iliandikwa pale pale kwa kalamu ya Katibu: Nyasi hana hatia, aruhusiwe kucheza. Chini yake Mwalimu akaongeza kwa mkono wake kwamba klabu ielekezwe kutumia ngeli sahihi katika kumbukumbu zake zote. Kuhusu uwanja ulioandikiwa ligi kwamba umefumuliwa, wajumbe wawili walikohoa, na mpaka leo sijasikia zaidi ya kikohozi.

Barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa tayari saa nane mchana. Walinishukuru kwa miaka kumi na tisa na wakanitaka nirudishe uma. Nafasi yangu amepewa shemeji. Jumatatu alinipigia simu, mtu mwenye adabu, hana ubaya.

"Kaka, zimeanza kunyauka huku. Nizipe nini?"

"Toboa kwanza."

"Barua wameibandika tena mlangoni."

Nikamwambia basi anunue daftari.

Lakini kabla ya simu hiyo, Jumamosi ya mechi, nilikaa jukwaani kama watu wengine. Mpwa wangu aliguswa bega dakika ya tisa, akalala, kama kawaida yake, palepale nilipokuwa nikitoboa. Akainuka upesi, akapita wawili, akafunga. Mtu wa timu kubwa aliandika kitu kwenye karatasi. Niliangalia zaidi pale alipoangukia. Palikuwa pamekwisha kusimama.

Wiki iliyofuata dada yangu alikuja nyumbani. Safari hii aliketi. Mwalimu alikuwa amempa daftari anirudishie, nalo alikuwa amelivika jalada la plastiki. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mtoto, atakaa wapi huko aendako, nani atampikia. Lile swali lake hakuligusa, nami sikuligusa. Alipoondoka nikalifungua daftari, nikaenda ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Chini ya maandishi yangu palikuwa na mstari mpya kwa mwandiko wa dada yangu, ule wa kulalia kushoto tangu tukiwa shule.

Jina la mgonjwa: Nyasi. Hali: mzima. Alichopewa: kazi ya mjomba wake. Kiasi: yote.

Safu ya saa alikuwa ameiacha wazi. Nikatafuta kalamu, nikaandika: saa nne asubuhi.